Kutoka Ajia hadi Bungeni: Bunge la Uganda, Wabunge Wake na Suala la Lugha

Wanafunzi wetu wanapofika kwenye somo la istilahi za siasa na utawala, swali moja hujitokeza kila mwaka, na mara nyingi huulizwa na wale wanaotoka Arua na Koboko. Kwa nini tunakaririshwa akidi, mswada, hoja na mnadhimu, ilhali Bunge letu wenyewe halijadili kwa lugha yenye maneno hayo? Swali ni la haki, na jibu lake halimo ndani ya kamusi. Limo katika historia. Katika makala haya tutajaribu kueleza Bunge la Uganda lilivyoundwa, wabunge wake wanavyofanya kazi, na jinsi sehemu moja ya nchi, yaani Nile Magharibi, ilivyoingia humo na kusikika humo. Tumechagua kuanzia mbali na Kampala kwa makusudi. Taasisi huonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka mahali ambapo habari zake hufika zimechelewa.

Mahali hapo ni Ajia, gombolola iliyomo katika saza ya Vurra, Wilaya ya Arua, pamoja na Arivu, Logiri na Vurra yenyewe. Wakazi wake ni Walugbara. Mpaka wa Kongo uko karibu, na Kiswahili cha upande ule huvuka pamoja na bidhaa. Kampala, kwa upande mwingine, iko umbali wa zaidi ya kilomita 470 kutoka mjini Arua, na zamani safari hiyo ilikuwa ya kulala njiani. Yafaa pia ieleweke kwamba eneo hili lilichelewa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1894 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipewa kwa mkataba eneo lililojulikana kama Lado. Alipofariki mwaka 1909 eneo hilo likawa la kurudishwa, na mwaka 1910 likawekwa chini ya Sudan. Sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda mwaka 1914, ndipo kituo cha utawala kikafunguliwa Arua. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Ajia mwaka 1890 angeweza kuhesabu tawala tatu za kigeni bila kuhama nyumba yake, na hakuna hata moja iliyomwomba kura.

Baraza la kutunga sheria la Uganda liliundwa mwaka 1920 na kukutana kwa mara ya kwanza mjini Entebbe mwezi wa Machi 1921. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na wajumbe wote walikuwa Waingereza. Wahindi walipewa kiti kimoja wakakikataa, kwa kuwa walitaka wawe sawa na wajumbe wa Kizungu wasio wa serikali. Walikuja kukubali mwaka 1926. Waafrika walingoja hadi mwaka 1945, nao walikuwa watatu: Kawalya Kagwa wa Buganda, Petero Nyangabyaki wa Bunyoro na Yekonia Zirabamuzale wa Busoga. Msomaji makini ataona mara moja kwamba wote watatu walitoka kusini mwa Nile na katika maeneo yenye tawala za jadi zilizotambuliwa na Waingereza. Kaskazini haikuwa na mtu.

Wala kigezo hakikuwa ukoo au cheo peke yake. Baraza lilizungumza Kiingereza, na asiyekijua hakuwa na la kufanya ndani yake. Nile Magharibi ilikuwa na askari wengi waliokijua Kiswahili vizuri, kwani ndiyo lugha waliyoamrishwa nayo katika King's African Rifles, lakini ilikuwa na watu wachache mno waliofika shule za kuwapa Kiingereza cha barazani. Tunaliweka jambo hili mapema kwa sababu litaturudia. Lugha aliyokuwa nayo mwanajeshi wa Arua ilitosha kumpeleka Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ila haikutosha kumwingiza Entebbe.

Uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika ulifanyika mwaka 1958, tena si nchi nzima. Buganda iliususia, na mpiga kura alitakiwa kutimiza masharti ya mali, kipato, elimu au utumishi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1961 na ule wa Aprili 1962, nchi ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ikiwa na Bunge la Taifa la viti 91. Viti 82 vilikuwa vya majimbo, na kati ya hivyo 21 vya Buganda vilijazwa na Lukiiko, si na wananchi wenyewe. Viti tisa vilivyobaki vilikuwa vya wajumbe waliochaguliwa na Bunge lenyewe.

Dhahabu ya Kongo na hoja ya Februari 1966

Kama kuna siku moja ambayo Bunge hilo lilijaribu nguvu zake, ni tarehe 4 Februari 1966, na habari yenyewe ilianzia mpakani kwetu. Katika miaka ya 1964 na 1965 Kongo Mashariki ilikuwa vitani, na waasi walivusha dhahabu na pembe za ndovu kupitia upande wa Arua ili wapate silaha. Afisa aliyetajwa kuhusika alikuwa Kanali Idi Amin, mwenye asili ya Kakwa wa Koboko. Daudi Ocheng, mbunge wa chama cha Kabaka Yekka, alisimama na nakala ya akaunti ya benki ya Amin akatoa hoja: afisa huyo asimamishwe kazi na uchunguzi ufanyike. Waziri Mkuu Milton Obote hakuwapo. Alikuwa ziarani kaskazini. Hoja ikapita. Aliyeipinga alikuwa mbunge mmoja tu, John Kakonge.

Hapa tungependa wanafunzi wasimame kidogo. Kwa mujibu wa vitabu vya uraia, hiyo ndiyo kazi ya mbunge: kuuliza fedha zimetoka wapi na kumtaka mtumishi wa dola ajieleze. Ocheng alifanya hivyo, na wenzake karibu wote wakamwunga mkono, wakiwemo wa chama tawala. Lakini hoja ya Bunge haina askari. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri: Grace Ibingira, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Emmanuel Lumu. Amin, badala ya kusimamishwa, alipandishwa cheo mwezi huohuo. Tarehe 15 Aprili wabunge waliletewa katiba mpya na kutakiwa kuipitisha kabla ya kuiona. Waliambiwa nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Ndiyo maana katiba hiyo imebaki na jina la visanduku hadi leo. Bunge lililochaguliwa mwaka 1962 liliendelea kukaa bila uchaguzi mwingine, likapitisha katiba ya jamhuri mwaka 1967, na likawa bado limekaa hadi tarehe 25 Januari 1971, siku yule afisa wa hoja ya Ocheng alipotwaa nchi.

Kiswahili bila Bunge, Bunge bila Kiswahili

Kwa miaka minane Uganda haikuwa na Bunge. Sheria ziliitwa amri, na amri zilitoka kwa mtu mmoja. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1973, wawakilishi wa wilaya waliitwa kutoa maoni kuhusu lugha ya taifa. Wilaya 12 zilichagua Kiswahili na 8 zikachagua Kiluganda. Amin akatoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa.

Walimu wa Kiswahili nchini mwetu wanaujua mzigo wa historia hii. Lugha ilipata hadhi yake ya juu kuliko wakati wowote, na ikaipata kutoka kwa mtawala aliyefunga jumba ambamo ingeweza kuzungumzwa kwa uhuru. Wengi waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani kabla ya kuisikia darasani. Kwetu sisi, hilo ndilo lililokidhuru Kiswahili Uganda zaidi ya hoja zote za Kiluganda na Kiingereza zikijumlishwa. Hata hivyo kura ile ya wilaya 12 isisahauliwe. Haikuwa kura ya askari, na inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nchi ilikiona Kiswahili kuwa lugha isiyo ya mtu, na kwa hiyo ya kila mtu.

Baada ya Amin kung'olewa Aprili 1979, nchi iliongozwa na Baraza la Ushauri la Taifa lililozaliwa katika mkutano wa Moshi, Tanzania, likiwa na wajumbe 30 mwanzoni na kupanuliwa baadaye mwaka huohuo. Mwenyekiti wake alikuwa Edward Rugumayo. Baraza hilo dogo lilifanya jambo kubwa: mwezi wa Juni 1979 lilimwondoa Rais Yusuf Lule baada ya siku 68 tu, kwa madai kwamba aliteua mawaziri bila kulishirikisha. Ukafuata uchaguzi wa Desemba 1980, wenye viti 126, ambao matokeo yake yalipingwa na kuzaa vita. Nile Magharibi haikuwa katika hali ya kupiga kura. Mapigano ya Oktoba 1980 na kisasi kilichofuata viliwafukuza watu kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, na mwezi wa Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humohumo. Jimbo lenye wapiga kura walio kambini ng'ambo ya mpaka lina mbunge kwa jina tu. Wengi walirudi kufikia mwaka 1989, wakati serikali ya NRM ilipokuwa ikitumia Baraza la Ukombozi la Taifa, ambalo lilipanuliwa kwa uchaguzi wa Februari 1989. Mwaka 1994 wakachaguliwa wajumbe 284 wa Bunge la Katiba, chini ya uenyekiti wa James Wapakhabulo, na Katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Hiyo ndiyo inayotawala mambo hadi sasa, ingawa imeguswa mara kadhaa.

Spika kutoka Koboko

Katiba ya 1995 ilianzisha Bunge la chumba kimoja. Bunge la Sita, la kwanza chini ya Katiba hiyo, lilikaa kuanzia 1996 hadi 2001 likiwa na wabunge 276: wa majimbo 214, wanawake 39 (mmoja kwa kila wilaya), wanajeshi 10, vijana 5, watu wenye ulemavu 5 na wafanyakazi 3. Vyama havikuruhusiwa kusimamisha wagombea, kwa kuwa mfumo ulikuwa wa Vuguvugu. Tungetarajia Bunge la namna hiyo liwe la kupiga makofi tu. Halikuwa hivyo. Bila mnadhimu wa chama wa kuwahesabu, wabunge walipiga kura walivyoona. Mwaka 1998 walipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Jim Muhwezi, na mwaka 1999 Sam Kutesa. Dan Wandera Ogalo aliwasilisha mswada binafsi uliozaa Sheria ya Uendeshaji wa Bunge ya 1997, iliyolipa Bunge tume yake na bajeti yake. Beatrice Kiraso akafuata na mswada uliozaa Sheria ya Bajeti ya 2001. Tangu hapo Serikali ikalazimika kuleta makadirio mapema ili kamati ziyapitie, badala ya kuyasoma mwezi wa Juni na kungoja makofi.

Wapakhabulo alipoondoka kwenye kiti mwaka 1998, aliyechaguliwa kuwa Spika alikuwa Francis Ayume, mwanasheria na mbunge wa Koboko. Kwa mara ya kwanza mtu wa Nile Magharibi akakalia kiti hicho. Ifahamike cheo hiki kinavyofanya kazi. Spika huchaguliwa na wabunge kwa kura ya siri, Jaji Mkuu au jaji aliyeteuliwa naye akisimamia, na Bunge haliwezi kufanya shughuli nyingine kabla Spika hajapatikana. Akiwa kitini hana kura ya kawaida wala kura ya turufu. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Silaha yake ni moja tu, utaratibu: nani asimame, nani akae, hoja ipi iko mbele ya Bunge, na je, idadi ya waliomo inatosha?

Swali hilo la mwisho ndilo lililoleta kesi ambayo tungependa kila mwanafunzi wa istilahi aijue. Mwezi wa Julai 1999, katika kipindi cha uspika wa Ayume, Bunge lilipitisha sheria ya kura ya maoni kuhusu mfumo wa siasa. Ibara ya 88 ilisema akidi ni theluthi moja ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, yaani 92 kati ya 276. Paul Ssemogerere na Zachary Olum wakaenda mahakamani wakidai kwamba siku ile wabunge hawakufika idadi hiyo, na kwamba uamuzi ulitolewa kwa kura ya sauti, ndiyo na siyo, pasipo mtu kuhesabu. Mahakama ya Katiba kwanza ilikataa kuipokea Hansard kuwa ushahidi. Mahakama ya Juu ikasema kesi isikilizwe. Tarehe 10 Agosti 2000 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria ile kwa kukosa akidi. Kura ya maoni yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika, tarehe 29 Juni.

Bunge halikukaa kimya. Tarehe 31 Agosti 2000, siku 21 tu baada ya hukumu, lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyogusa akidi, kura ya sauti na matumizi ya kumbukumbu za Bunge mahakamani. Wapinzani walewale wakarudi mahakamani, na tarehe 29 Januari 2004 Mahakama ya Juu ikayabatilisha nayo. Mlalamikiwa katika kesi kama hizo huwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na Mwanasheria Mkuu siku hiyo alikuwa nani? Francis Ayume, aliyeteuliwa mwaka 2001 baada ya kuacha uspika. Alifariki katika ajali ya barabarani mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 2004. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kwa utaratibu uliotakiwa, na sasa theluthi moja hudaiwa pale tu Bunge linapopiga kura. Katika mjadala wa kawaida viti vinaweza kuwa vitupu, na mara nyingi huwa hivyo.

Tunaona watu wengi hulichukua neno akidi kama neno kavu la mtihani. Lakini sheria mbili za nchi zilianguka kwa ajili yake. Asiyejua maana yake hawezi kusoma historia ya miaka ile.

Mswada unavyopita, na mbunge anavyopita vijijini

Mwendo wa mswada ni mrefu kuliko redio inavyoueleza. Serikali huleta mingi zaidi, ingawa Ibara ya 94 inampa kila mbunge haki ya kuleta mswada binafsi. Mswada lazima uambatane na cheti cha Wizara ya Fedha kinachoonyesha utagharimu kiasi gani, na mbunge wa kawaida hawezi kuleta jambo linaloongeza kodi au kuugusa mfuko mkuu wa hazina. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, hakuna mjadala. Hupelekwa kwenye kamati, ambayo hupewa siku 45. Hapo ndipo kazi halisi hufanyika, na hapo ndipo mwananchi anaweza kuitwa na kusikilizwa. Ukirudi, husomwa mara ya pili na kujadiliwa kwa jumla, kisha Bunge zima hugeuka kamati na kupita kifungu kwa kifungu, halafu ukasomwa mara ya tatu. Rais ana siku 30 za kutia saini, kuurudisha au kuukataa. Ukisharudishwa mara mbili na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, unakuwa sheria hata bila saini yake.

Tangu vyama virudi, kufuatia kura ya maoni ya Julai 2005, kuna pia Kiongozi wa Upinzani na wanadhimu wa pande mbili, na Kamati ya Hesabu za Serikali huongozwa na upinzani. Kassiano Wadri, mbunge wa Terego, alikuwa Mnadhimu Mkuu wa Upinzani na baadaye mwenyekiti wa kamati hiyo. Ni chini yake, mwaka 2012, ndipo kamati ilipohoji fedha za mpango wa kuijenga upya kaskazini zilizopotelea katika Ofisi ya Waziri Mkuu baada ya Mkaguzi Mkuu kuzifichua. Fedha hizo zilikuwa pia za Nile Magharibi, na tofauti na mwaka 1966, hakuna mbunge aliyekamatwa kwa kuziuliza. Wadri alipoteza kiti mwaka 2016, kisha akarudi kwa njia isiyo ya kawaida. Mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi tarehe 8 Juni 2018. Uchaguzi mdogo wa tarehe 15 Agosti ulitanguliwa na vurugu, na Wadri, mgombea huru, alitangazwa mshindi akiwa kizuizini.

Idadi ya wabunge nayo imepanda. Bunge la 11, lililochaguliwa Januari 2021, lilikuwa na wabunge 529: wa majimbo 353, wanawake 146, na 30 wa makundi maalumu, wakiwemo sasa wazee watano. Ongezeko hili linatokana kwa sehemu na kuzaliwa kwa wilaya, maana kila wilaya mpya huja na kiti cha mwanamke. Wilaya ya zamani ya Arua ni mfano mzuri: ilitoa Yumbe mwaka 2000, Koboko mwaka 2005, Maracha, Madi-Okollo na Terego baadaye, na mwaka 2020 mji wenyewe ukawa jiji lililojitenga. Kuna wanaosema ni gharama tupu, nasi hatuwezi kuwapinga kwa upande wa hesabu. Lakini mfumo huu wa makundi ndio uliomleta Margaret Baba Diri wa Koboko, mwanamke asiyeona, aliyeingia Bungeni mwaka 1996 kuwawakilisha watu wenye ulemavu na baadaye akawa mbunge mwanamke wa Koboko. Katika ushindani wa kawaida wa majimbo ya wakati ule tunashuku kama angepewa nafasi.

Nyumbani, kazi ya mbunge hupimwa kwa vipimo vingine. Mpiga kura wa Ajia hamwoni mbunge wake akiwa kamatini; humwona kwenye matanga, kwenye harambee ya kanisa, na pale mtoto anapohitaji karo. Mbunge asiyetoa mabati hupewa jina. Si haki kuwalaumu wananchi kwa hili kabla ya kuuliza wanapata wapi habari za ile kazi nyingine.

Na hapo turudi kwenye lugha. Ili mtu awe mbunge, Ibara ya 80 inadai awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Mijadala huendeshwa kwa Kiingereza na miswada huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2005 Ibara ya 6 ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Tazameni ujenzi wa kifungu hicho: mkono wa kulia unatoa, na wa kushoto unashika ufunguo. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 2022 likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na mwaka 2023 mawaziri wenyewe wakaanza masomo. Tunawatakia subira na ngeli.

Wenzetu walitangulia. Kenya iliruhusu Kiswahili bungeni mwaka 1974, ingawa miswada ilibaki ya Kiingereza, na wabunge wakajikuta wakijadili kwa lugha moja maandishi ya lugha nyingine. Tanzania ilijadili kwa Kiswahili tangu zamani, lakini hata huko sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza hadi mabadiliko ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kwa kupita njia mbili, msamiati haukulingana. Mkenya humwita mnadhimu kiranja, neno ambalo kwetu bado linanuka bweni na kengele ya saa kumi na moja. Mtanzania huiita fimbo ya Spika siwa, jina la baragumu kubwa la pembe au shaba lililopulizwa katika miji ya pwani kama Lamu na Pate kwenye shughuli za watawala. Waliochagua neno hilo hawakutafsiri kitu. Walitafuta chenye heshima ileile katika utamaduni wa lugha. Mtafsiri wa Uganda atakapofika hapo, atakuwa na uhuru wa kuchukua la pwani, au kuuliza Walugbara na Wakakwa wanaitaje fimbo ya mzee anayefungua baraza.

Kwa wanafunzi wa istilahi, kazi ya muhula huu ni Ibara ya 88, 89 na 91 za Katiba. Kila mmoja azitafsiri kwa Kiswahili, kisha amsomee mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza, na aandike pembeni ni maneno gani yalieleweka papo hapo na yapi yalihitaji kuelezwa. Wanaotoka Vurra na Koboko wanaombwa waongeze safu ya Kilugbara au ya Kikakwa. Daftari zikusanywe ofisini kabla ya wiki ya mitihani.